Mahakama ya Sumner: kukirudisha chumba cha kesi ya Emmett Till kama kilivyokuwa 1955

Mwaka 2015 kaunti ya Tallahatchie, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, ilikamilisha ukarabati wa aina yake. Jengo la mahakama la mji mdogo wa Sumner, ambalo bado linasikiliza kesi, lilirejeshewa chumba chake kikuu katika sura iliyokuwa nayo Septemba 1955. Katika chumba hicho, mwezi huo, Roy Bryant na kaka yake wa kambo J.W. Milam waliachiwa huru baada ya kushtakiwa kwa kumuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago. Januari 1956 gazeti la Look likachapisha maelezo yao wenyewe ya jinsi walivyomuua. Hakuna aliyeweza kuwarudisha kizimbani, kwa sababu sheria ya Marekani haimruhusu mtu aliyekwisha kuachiwa ashtakiwe tena kwa kosa lile lile.

Je, kulikuwa na haja ya kukirudisha chumba hicho kama kilivyokuwa? Wapo wanaosema hii ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanywa kwa kumbukumbu ya Till. Wapo pia wanaoona kwamba fedha na ufundi vimetumika kupamba mahali ambapo haki ilikanyagwa. Naona hoja za pande zote mbili zina uzito, ila zote zinakitazama chumba cha juu tu, na kuna mlango mwingine ndani ya jengo hilo hilo ambao haujatazamwa vya kutosha.

Kwanza jengo lenyewe. Msomaji wa Kenya anaijua kaunti kama ngazi ya ugatuzi yenye gavana na bunge lake. Kaunti ya Marekani kwa kawaida ni ndogo zaidi, ina sherifu wa kuchaguliwa, baraza la wasimamizi na makarani, na makao yake ni jengo la mahakama. Humo kesi husikilizwa, hati za ardhi huandikishwa, leseni za ndoa hutolewa, kodi hulipwa. Katika Mississippi, karani wa mahakama ya mzunguko ndiye pia mwandikishaji wa wapiga kura. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida, hata asiyewahi kushtaki wala kushtakiwa, maisha yake yalipita katika jengo hilo mara nyingi.

Tallahatchie ina makao mawili: Charleston upande wa vilima vya mashariki, na Sumner upande wa magharibi, kwenye tambarare ya pamba inayoitwa Delta. Kaunti kumi za Mississippi zina makao mawili hivyo, urithi wa enzi ambapo barabara zilikuwa tope na mito haikuvukika msimu wa mvua. Sumner haina hata watu 500. Bila mahakama ingekuwa uwanja mmoja wenye maduka machache kuuzunguka, kando ya kijito cha Cassidy Bayou.

Jengo lilisimamishwa karibu na mwaka 1910, kwa mtindo uliopewa jina la msanifu Henry Hobson Richardson. Huyu alizaliwa mwaka 1838 katika shamba kubwa la Louisiana, akasoma Harvard na Paris, akafariki mwaka 1886 kabla hajafikisha miaka 50. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa mahakama ya kaunti ya Allegheny mjini Pittsburgh, iliyokamilika 1888 yeye akiwa hayupo tena. Aliyachukua matao ya nusu duara ya makanisa ya Ulaya ya karne ya 11 na ya 12, akayapa mawe mazito yenye uso wa kukwaruza, madirisha yaliyozama ndani ya ukuta, na mnara. Kaunti nyingi za Marekani zilimwiga. Kila moja ilitaka jengo litakalomwambia mkulima anayeingia mjini kwamba serikali ipo, ina nguvu, na haiendi popote.

Mahakama ya Sumner ni mjukuu wa mbali wa ile ya Pittsburgh. Badala ya matale ni matofali. Matao yapo, mnara wa saa upo, na umbo zima ni zito kuliko mji unaouzunguka. Wakati linajengwa, mtindo huo ulikuwa umeshapitwa katika miji mikubwa, ambako baada ya maonyesho ya Chicago ya 1893 wasanifu walikuwa wamehamia kwenye nguzo ndefu za Kiyunani na Kirumi. Sioni hilo kuwa kasoro. Jengo lina heshima yake, na anayelitazama bila kujua historia yake atalipenda. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, maana ujenzi huu ulikusudiwa kumfanya mtu aamini kwamba ndani mna haki.

Kesi ilianza tarehe 19 Septemba 1955 na kumalizika tarehe 23. Till alikuwa amefika Mississippi mwezi Agosti kuwatembelea ndugu wa mama yake. Usiku wa kuamkia tarehe 28 alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwa Moses Wright, mjomba wa mama yake, kwa madai kwamba alimkosea heshima mke wa Bryant dukani katika kijiji cha Money. Siku tatu baadaye mwili wake ulipatikana katika mto Tallahatchie, shingoni ukiwa umefungwa kwa seng'enge feni nzito ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Kijiji cha Money kiko kaunti jirani ya Leflore. Kesi ilikwenda Sumner kwa kuwa mwili uliopolewa upande wa Tallahatchie.

Chumba cha kesi kiko ghorofa ya juu. Waandishi wa habari wazungu walikaa karibu na jaji. Waandishi weusi waliwekewa pembeni meza ndogo ya kuchezea karata, na hapo hapo akaketi Charles Diggs, mbunge mweusi wa Bunge la Marekani kutoka Michigan, aliyekuja kushuhudia. Sherifu Clarence Strider, ambaye kwa kazi yake alipaswa kuusaidia upande wa mashtaka, alipanda kizimbani kuwatetea washtakiwa, akidai mwili ulikuwa umeharibika kiasi cha kutotambulika. Mawakili wote watano wa mji wa Sumner waliwatetea Bryant na Milam.

Katika hali hiyo Moses Wright, mzee wa miaka 64, mkulima wa kugawana mavuno na mhubiri, aliulizwa kama anamwona mtu aliyekuja nyumbani kwake usiku ule. Alisimama, akanyoosha mkono na kumwonyesha Milam mbele ya chumba kilichojaa wazungu. Mpiga picha Ernest Withers alibonyeza kamera wakati huo ingawa jaji alikuwa amekataza picha kupigwa kesi ikiendelea. Picha ile ndiyo inayotuonyesha leo mkono wa Wright ukiwa hewani. Willie Reed, kijana wa miaka 18, naye alitoa ushahidi. Baada ya kesi wote wawili walilazimika kuondoka Mississippi. Wright aliacha pamba yake shambani.

Jaji Curtis Swango aliiendesha kesi kwa haki kiasi kwamba hata waandishi weusi walimsifu. Nalitaja hili kwa makusudi. Jaji alikuwa mwadilifu, mashahidi walikuwa jasiri, waendesha mashtaka walijitahidi. Kisha raia 12 wa juri, jopo la wananchi linaloamua kama mshtakiwa ana hatia, wanaume wazungu watupu, wakaingia chumba cha mashauriano na kutoka baada ya dakika 67 na uamuzi wa kutokuwa na hatia. Mmoja wao alisema baadaye kwamba wasingechukua hata muda huo kama wasingesimama kunywa soda.

Nusu karne ikapita kimya. Ukarabati wa miaka ya 1970 ulikibadilisha chumba, na hakuna kibao rasmi nje ya jengo kilichomtaja Till. Hata nakala ya mwenendo wa kesi ilipotea, hadi makachero wa FBI walipoifungua upya kesi hiyo mwaka 2004 na kuipata nakala moja chakavu. Mwaka 2006 baraza la wasimamizi wa kaunti, likiongozwa na Jerome Little, rais wake wa kwanza mweusi, liliunda tume ya kumbukumbu ya Till yenye weusi na wazungu. Tarehe 2 Oktoba 2007, mbele ya mahakama na mbele ya jamaa wa Till, azimio la kuomba radhi likasomwa, na ndani yake ikaelezwa kwamba mapatano kati ya watu wa rangi mbili huanza na kusema ukweli. Miaka minane baadaye chumba kikawa tayari.

Sasa tuzitazame hoja.

Wanaounga mkono wanaanza na jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote: mahali pengine pa kisa hiki panafutika. Duka la Money limebaki magofu, likiwa mikononi mwa familia binafsi, huku kituo cha mafuta cha jirani yake, ambacho uhusiano wake na kisa ni mdogo sana, kikikarabatiwa kwa ruzuku iliyotengwa kwa ajili ya historia ya haki za raia. Kule Graball Landing, mahali panapokumbukwa kuwa ndipo mwili ulipoopolewa, kibao kiliwekwa mwaka 2008 kikaibwa. Kilichofuata kikatobolewa kwa risasi, na kilichokuja baada yake kikapigwa risasi wiki chache tu baada ya kuwekwa mwaka 2018. Cha mwaka 2019 kilibidi kitengenezwe kwa chuma kisichopenya risasi, chenye uzito wa zaidi ya kilo 200. Watu wanaopiga risasi kibao cha mtoto aliyeuawa miaka 60 iliyopita hawajasahau chochote. Chumba cha mahakama kinachoendelea kutumika, chenye karani na polisi ndani yake, ni vigumu zaidi kukifuta.

Hoja ya pili ni ya kiufundi zaidi. Mtu anayesimama ndani ya chumba kile anaona umbali kati ya kiti cha shahidi na viti vya washtakiwa, na anaelewa kwamba Wright hakunyoosha kidole kwa mtu aliye mbali. Anaona jinsi juri ilivyokaa karibu na wasikilizaji, majirani zao waliokuwa wakiwatazama usoni. Picha na maandishi haviwezi kumpa mtu hisia hiyo ya vipimo. Hapa wahifadhi wa majengo wana haki ya kujivunia kazi yao.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Wanauliza kwanza ni nani aliyefaidika. Jengo lilikuwa limechakaa na kaunti maskini isingeweza kulitengeneza kwa mfuko wake. Jina la Till ndilo lililofungua milango ya ruzuku. Miongoni mwa wazungu walioiunga mkono tume walikuwapo waliohofia kwamba mahakama ikifungwa shughuli zote zitahamia Charleston na Sumner itakufa. Kwa macho ya mkosoaji, mji uliowaachia wauaji umeokolewa na jina la mtoto aliyeuawa. Mimi sioni aibu katika masilahi ya watu kukutana, maana kazi nyingi njema duniani zimefanyika hivyo. Lakini naelewa kwa nini mtu ambaye ukoo wake ulifukuzwa Delta angeona uchungu.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua kweli. Chumba hiki si makumbusho peke yake. Mshtakiwa wa leo, na katika kaunti yenye weusi wengi mara nyingi atakuwa mweusi, anaingia kujitetea katika chumba kilichopangwa kwa makusudi kifanane na siku ambayo sheria ilishindwa vibaya kuliko siku nyingine yoyote katika historia ya mji huo. Mtalii anakuja, anajifunza, anaondoka. Mshtakiwa hakuja kujifunza historia. Amekuja kwa sababu ya uhuru wake. Wapo wanaojibu kwamba huenda wakili, mwendesha mashtaka na mwanajuri wakikumbushwa 1955 watakuwa waangalifu zaidi. Inawezekana. Ila ni tumaini tu, na mzigo wake amebebeshwa mtu ambaye hakuulizwa.

Pamoja na hayo yote, nasimama upande wa waliokirudisha chumba. Kukiacha na dari na kuta za miaka ya 1970 kusingemsaidia mshtakiwa yeyote, na kungewasaidia sana wale wanaotaka kisa hiki kibaki hadithi ya mdomoni. Tangazo la Rais Joe Biden la tarehe 25 Julai 2023, siku ambayo Till angetimiza miaka 82, liliiweka mahakama ya Sumner pamoja na Graball Landing na kanisa la Roberts Temple la Chicago, yalikofanyika mazishi yake, katika hifadhi moja ya kumbukumbu ya taifa. Bila chumba kile, kumbukumbu hiyo ingekuwa na mto na jeneza, lakini isingekuwa na serikali ndani yake. Na serikali ndiyo iliyoshtakiwa mbele ya dunia mwaka 1955.

Kuhusu sanamu iliyo nje sina kigugumizi. Mbele ya mahakama iliwekwa mwaka 1913 sanamu ya kuwaenzi askari wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kulinda utumwa. Ilikuwapo siku ya kesi na ilikuwapo siku ya kuombwa radhi. Wanaotaka ibaki wanasema kwamba ukilirudisha jengo kama lilivyokuwa 1955 huwezi kuchagua vipande unavyovipenda, na kwamba mgeni anayepita chini yake ndipo anapoelewa juri ilitoka wapi. Hoja hii ina akili, ila inachanganya vitu viwili. Jengo lilijengwa kwa kazi ya umma, likatumika vibaya. Linaweza kutumika vizuri. Sanamu haikuwahi kuwa na kazi nyingine zaidi ya kumfundisha mweusi anayeingia mahakamani mahali pake. Sheria ya Mississippi ya mwaka 2004 inakataza kuondoa minara ya vita, lakini inaiachia mamlaka husika nafasi ya kuuhamishia mnara mahali panapofaa zaidi. Makaburi ya askari hao yanafaa zaidi.

Sasa ule mlango mwingine. Ukimuuliza mgeni aliyetoka chumba cha juu kwa nini juri ilikuwa ya wazungu watupu, pengine atajibu kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa. Jibu hilo halitoshi. Katiba ya Mississippi ya 1890 ilitaka mwanajuri awe mpiga kura halali anayejua kusoma na kuandika. Katika Tallahatchie ya 1955 weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa katika daftari la wapiga kura. Wanawake, wa rangi yoyote, hawakuruhusiwa kukaa katika juri Mississippi hadi 1968. Kwa hiyo juri ile haikuchujwa na mawakili asubuhi ya kesi. Ilikuwa imechujwa miaka 65 kabla, na iliendelea kuchujwa kila siku ya kazi katika ofisi za jengo lile lile. Karani alishika daftari. Sherifu, ambaye ndiye pia aliyekuwa mkusanya kodi, alipokea au kukataa kodi ya kura ya dola mbili ambayo bila risiti yake hakuna aliyepiga kura. Na katika mwaka huo huo wa kesi ilianza kutumika kanuni mpya, iliyopitishwa Novemba 1954, ya kumtaka anayejiandikisha aandike maelezo ya kifungu cha katiba kwa namna itakayomridhisha karani.

Mahakama Kuu ya Marekani ililijua tatizo hili. Mwaka 1880 ilikataza sheria ya jimbo iliyowatenga weusi katika juri. Mwaka 1947, katika kesi ya Patton kutoka kaunti ya Lauderdale, Mississippi hiyo hiyo, ilifuta hukumu ya mtu mweusi kwa sababu kwa miongo mitatu hakuna mweusi aliyewahi kukaa katika juri ya kaunti ile. Lakini hukumu hizo zilimlinda mshtakiwa mweusi, ambaye angeweza kukata rufaa. Anapouawa mweusi na mshtakiwa ni mzungu, hakuna wa kukata rufaa: juri ikishaachia, imekwisha. Mamie Till, mama wa marehemu, hakuwa na dirisha la kwenda kulalamikia orodha ya wanajuri.

Na aliyejaribu kuibadilisha orodha hiyo alijua hatari yake. Tarehe 13 Agosti 1955, wiki mbili tu kabla Till hajachukuliwa, Lamar Smith, mkulima mweusi aliyekuwa akiwahimiza wenzake kupiga kura, alipigwa risasi mchana kweupe kwenye uwanja wa nyasi wa mahakama ya kaunti ya Lincoln, mjini Brookhaven, Mississippi. Watu walikuwapo. Hakuna aliyehukumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya shirikisho ilimshtaki sherifu wa Tallahatchie wa wakati huo kwa kuwazuia weusi wasilipe kodi ya kura, na mwaka 1963 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiunga mkono serikali. Sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ndiyo iliyokuja kuifungua kweli ofisi ya karani.

Hiki ndicho ninachokikosa katika mjadala wa Sumner. Chumba cha juu kinamwonyesha mgeni ujasiri wa Wright, kiburi cha Strider na kejeli ya wanajuri waliosimama kunywa soda. Vyote ni kweli. Lakini vinamfanya aone kosa kuwa la watu 12 wabaya waliokaa siku tano, ilhali usanifu wa jengo unatueleza kwamba kesi na daftari vilikaa chini ya paa moja kwa sababu vilikuwa kazi moja ya utawala. Ningependa nakala ya ukurasa wa daftari la 1955 iwekwe mahali ambapo mgeni hawezi kupanda ghorofani bila kuipita, na kando yake iwekwe fomu ya maelezo ya katiba aliyotakiwa kujaza mkulima wa pamba. Gharama yake si kitu ukilinganisha na kurejesha dari na madirisha.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la vitabu, kwamba wageni wanakuja kwa ajili ya Till na si kwa ajili ya makaratasi ya karani. Jibu langu ni Jerome Little mwenyewe. Aliyeisukuma kaunti iombe radhi, akalitetea jengo lisianguke na kuanzisha kazi iliyokirudisha chumba kile, alikuwa msimamizi wa kuchaguliwa. Alifariki mwaka 2011, kabla chumba hakijakamilika. Alipata kiti chake kwa kura za watu ambao mwaka 1955 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa katika daftari la jengo hilo.